Pua ya Mzee Radjabu na Posa ya Muyinga

Kabla sijasema lolote kuhusu Mzee Radjabu, naomba ieleweke kwamba unga wangu hauna hatia. Ninauza unga wa muhogo na wa mahindi pale Magarama, Gitega, mlango kwa mlango na karakana yake ya makochi, na kwa miaka yote tuliyokaa ubavu kwa ubavu kila chafya ya mzee yule imebandikwa jina langu. Akipiga asubuhi, ni bunga ya Jeska, maana unga hapa huitwa bunga. Akipiga jioni, nimeshafunga duka na kwenda zangu nyumbani, bado ni bunga ya Jeska. Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikarudi nchini mwangu nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na mtaani wananiita Mutanzania mpaka leo. Hilo nimelizoea. Kuitwa mchawi wa pua za watu sikuzoea, wala sitazoea.

Makochi anayoletewa Mzee Radjabu ni yale yaliyokata tamaa. Analichana moja, anatoa sponji la zamani, majani makavu waliyojazia mafundi wa enzi hizo, manyoya ya mnyama asiyejulikana, vijiti vya kiberiti, na siku moja panya na familia yake yote. Vumbi linalotoka humo ni la vizazi. Mzee amelivuta tangu ujana wake, mlango ameurudisha nusu ili jua lisipaushe vitambaa vya wateja, halafu anageuka na kunyooshea kidole mizani yangu!

Lakini nisimseme kwa ubaya tu. Mikono yake ina baraka, na mdomo wake una baraka zaidi. Kwa Waislamu wa mji wetu, posa haisemwi na baba wala na kijana mwenyewe. Husemwa na msemaji. Msemaji wa wageni na msemaji wa wenyeji hukaa uso kwa uso, kila mmoja na watu wake nyuma, wakaanza kuzungushana. Wenyeji hujifanya hawajui wageni wamefuata nini. Wageni hujifanya wamepita tu njia, wakasikia harufu ya pilau. Anayejua kusema huondoka na binti na heshima. Asiyejua huondoka na binti tu, tena kwa kuonewa huruma. Hapo ndipo Mzee Radjabu alipokuwa bingwa. Nusu ya Magarama imeoa kwa mdomo wake.

Kisha pua ikaanza kuingilia mazungumzo. Ubaya wa chafya kwa Waislamu ni kwamba ina adabu zake. Aliyepiga husema Alhamdulillahi, waliomsikia humwitikia Yarhamukallah, naye huwarudishia dua nyingine. Jambo zuri kabisa, mradi chafya iwe moja. Katika posa ya mwisho aliyosema, kule Musinzira, mzee alifungua mdomo akasema, "Sisi tumekuja," ikatoka chafya. Dua. "Sisi tumekuja," chafya. Dua. Salima, mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia na akina mama, aliniambia nyumba nzima ilikuwa inaitikia kama darasa la kwanza. Inasemekana mtu akizidisha mara tatu haombewi tena rehema, huombewa kupona. Basi msemaji wa wenyeji, mtu mwenye elimu ya dini na ulimi wa wembe, alisubiri ya nne, akasema, "Mungu akuponye, muzee. Ukipona, urudi utuambie mulikuja kufanya nini."

Walicheka mpaka akina mama. Mzee alirudi akiwa amekunja uso, na tangu siku ile kifua nacho kikaanza kupiga mluzi, hasa alfajiri na anapochana kochi.

Sasa nimlete Hamadi, maana yote haya ni kwa ajili yake. Hamadi ni mtoto wa marehemu kaka yake Radjabu. Baba yake alifariki kijana hajaanza hata shule, na Radjabu na Salima wakamlea na watoto wao. Alilala juu ya makochi ya wateja, akafanyia kazi za shule juu ya makochi ya wateja, na alipokua akafungua kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa pili. Ndipo Layla, binti wa Muyinga aliyekuja kukaa kwa shangazi yake hapa Magarama, alipompelekea simu isiyokubali chaji. Simu ile ilikuwa na uchafu tu kwenye tundu. Hamadi aliitengeneza kwa wiki nzima.

Watu wa Muyinga wakatuma neno kwamba wako tayari kupokea wageni, na kwamba msemaji wao atakuwa Mzee Athumani. Mzee Athumani hata sisi Wakristo tulimsikia. Aliwahi kuwashikilia wageni tangu adhuhuri mpaka alasiri akiwauliza tu wamepita njia gani.

Ukoo ukakutana karakanani, kila mtu juu ya kochi ambalo halijamalizika. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, na ukuta wetu ni wa mbao, kwa hiyo siwezi kusema nilisikiliza, nilisikia.

"Muzee, tuseme ukweli," alisema Hussein, kaka yake Salima. "Hii pua itatuaibisha. Kule Muyinga nitasema mi."

Hussein ni mtu mwema, anauza vitenge, lakini akisema posa utadhani anasoma tangazo la umeme kukatika. Mzee Radjabu akasimama, sindano yake ndefu ya makochi mkononi.

"Hussein, baba ya Hamadi alinishika huu mukono. Akaniambia: siku mutoto yangu ataoa, sauti ikuwe ya kwako. Hakusema ya Hussein. Donc, nitasema mi. Ata kama ni mara ya mwisho, nitasema mi!"

Alipomaliza tu ikaja chafya, akaanguka kwenye kochi, kochi likatoa vumbi, ikaja nyingine, na kifua kikalia mluzi kama birika. Safari hii hakuna aliyecheka. Hamadi alimpepea kwa kipande cha katoni, na kwenye mwanya wa mbao nilimwona kijana yule alivyomtazama baba yake mdogo. Aliogopa, na hakuwa anawaza posa.

Mzee alijitibu kwanza mwenyewe, kama wazee wote. Alikunywa habasoda. Akalamba asali aliyoagiza kutoka Mutoyi, akaimaliza, akasema haikuwa ya kweli. Akanusa kitunguu kilichochomwa, akalia machozi, akapiga chafya zaidi. Mwisho Salima akachoka, akamshika mkono na kumpeleka hospitali. Nami nilifunga duka nikawafuata, kwa sababu nilitaka jina la unga wangu lisafishwe na mtu aliyesoma.

Tulipokelewa na Daktari Raissa, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyedanganyika. Nikamwahi kabla mzee hajakaa.

"Docteur, tafadhali, umwambie mbele yangu kama ni unga."

Akaniangalia. "Mama, na we ni mugonjwa?"

"Hapana. Mimi ni mshtakiwa."

Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampulizisha kwa nguvu kwenye kibomba chenye alama, akamtazama ndani ya pua kwa tochi, akamwuliza anafanya kazi gani. Aliposikia makochi, akatikisa kichwa.

"Muzee, uko na asthme, ile pumu, na uko na mzio ya pua. Vyote viwili. Pua na mapafu ni nyumba moja. Pua ni baraza, mapafu ni chumba. Moto ikiwaka ku baraza, moshi inaingia chumbani."

"Na bunga?" mzee akauliza haraka.

"Kila vumbi iko na makosa. Ya makochi ndiyo kubwa. Ya bunga pia, kidogo."

Hiyo kidogo ilinichoma. Mzee alinigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi mahakama kuu, nami nikatazama bango la chanjo ukutani.

Daktari akatoa paketi ya vidonge, akaiweka mezani. Dawa yenyewe inaitwa montelukasti. Mzee akasema yeye hamezi kitu asichojua kinakwenda kufanya nini tumboni mwake.

"Bon," akasema daktari. "Nasikia we ni msemaji wa posa. Ukifika ku nyumba ya watu, hawajakupatia kiti, unaweza kusema?"

"Oya, hapana!" Mzee alishtuka. "Mujumbe bila kiti hasemi. Itakuwa ni matusi."

"Voilà. Sasa sikiliza. Vumbi ikiingia ndani yako, mwili inafikiri ni adui, inatuma wajumbe. Jina yao ni leukotriene. Wale wajumbe wanafika ku njia ya pumzi, kule iko viti vyao, wanakaa. Wakishakaa, wanaanza kusema. Mmoja anasema: njia ikazwe! Mwingine anasema: ukuta uvimbe! Mwingine: makamasi itoke! Ndiyo unapiga mluzi, ndiyo pua inaziba. Hii kinini, hii kidonge, kazi yake ni moja tu. Inatangulia, inakaa ku kile kiti. Mujumbe akifika anakuta kiti iko na mutu. Anasimama tu mulangoni."

"Na akisimama hana ruhusa ya kusema," mzee akamalizia, macho yakiwaka. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kuielewa dawa ile upesi hivyo. "Yewe! Mutu aliyeitengeneza hii alienda ku posa."

Daktari alicheka, kisha akawa mkali. Kinini ni kimoja, kila jioni, awe mzima asiwe mzima. Wengine kinawatosha, wengine hakiwatoshi, wataona pamoja. Si dawa ya kuzima moto: pumzi ikikata ghafla, kuna hii pompe ya kuvuta mdomoni. Akampa Salima pompe ile mkononi, si mzee, na hapo nilijua kwamba macho yake kweli hayadanganyiki. "Na ukianza kuota ndoto mbaya, ao roho ikawa nzito bila sababu, usinyamaze. Unarudi hapa."

Ndoto ilikuja moja. Mzee alinieleza asubuhi akiwa bado ametoa macho: alimwona Mzee Athumani amekaa kwenye kochi jekundu, na kila Athumani akiuliza swali, kochi ndilo linapiga chafya. Salima alimrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo, daktari akamwuliza mengi, akasema waendelee lakini wamwangalie kwa makini. Haikurudi tena. Mzee alisikitika kidogo, maana alitaka kujua kochi lingejibu nini.

Na dawa ikafanya kazi. Baada ya siku chache mluzi ulipungua, kisha ukanyamaza. Pua ikakauka. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akijifunza hotuba yake ya Muyinga mwanzo hadi mwisho bila kukatwa, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, nzito na tamu, mpaka wateja wangu wakawa wanasimama na mifuko yao kusikiliza. Hussein alikuja, akasikia, akaondoka zake.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Karibu na siku ya safari, chafya zikaanza tena. Moja asubuhi, mbili mchana. Nikamwuliza kupitia ukuta kama anakunywa dawa.

"Dawa iko," akajibu. "Ni bunga yako imerudi."

Unga wangu ulikuwa haujakwenda popote.

Siku ya kwenda Muyinga ulikodiwa mkweche mmoja mkubwa, tukajaa humo, ukoo na majirani. Kabla hatujaondoka, Mzee Radjabu akatoa mfukoni mwa kanzu kopo la vifungo vya makochi. Akalifungua. Badala ya vifungo vilikuwamo vidonge, karibu paketi nzima.

"Muzee!" Salima akapiga kelele. "Hiyo ni nini?"

"Ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya leo." Alisema kwa utulivu wa fundi anayemweleza mteja mjinga. "Mama, kochi ukishaijaza sponji, unaijaza tena kesho? Na kesho kutwa? Itapasuka! Mi nilijaza, ikajaa, nikasikia iko sawa, nikaacha. Hizi nikaziweka za Muyinga. Akiba haiozi."

Kabla hajakamatwa mkono, akameza viwili kwa maji ya chupa. "Moja ya pua, moja ya kifua," akasema. Salima alifungua mkoba wake, akaipapasa pompe, akaufunga, akaushika kwa mikono miwili njia yote.

Nyumba ya akina Layla ilikuwa imepambwa hasa. Wenyeji walitoa makochi yao ya mahameli mekundu, yale ambayo siku za kawaida hufunikwa mashuka na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuyakaribia. Asubuhi hiyo yalipigwa fimbo uani ili yapendeze. Ubani ukafukizwa kila pembe, na sisi wanawake tukawekwa nyuma ya pazia jepesi, tukachungulia. Mzee Athumani, mwembamba, mwenye kofia iliyofumwa vizuri na macho madogo ya furaha, alimkaribisha msemaji mwenzake kwenye kochi kubwa kuliko yote.

Sasa, fundi wa makochi hawezi kukutana na kochi asilipige kofi. Ni mkono tu, hauombi ruhusa. Mzee Radjabu alikaa, akatazama kiegemeo, na mkono ukainuka, ukapiga pa! kusikia kama sponji ni zima. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Sote tuliliona lile vumbi likipanda taratibu, la dhahabu, likizunguka pamoja na moshi wa ubani mbele ya uso wake.

"Wageni wetu," akaanza Mzee Athumani, "naona mumevaa vizuri. Kuna msiba?"

"Oya, muzee," akajibu Radjabu. "Sisi tumekuja..."

Chafya. Alhamdulillahi. Yarhamukallah. "Sisi tumekuja..." Chafya. Yarhamukallah. Nyuma ya pazia nilimsikia mwanamke mmoja wa Muyinga anaanza kucheka na kuziba mdomo kwa kitenge. "Sisi..." Chafya, chafya, chafya, kisha hakuna chafya tena, ukaja mluzi. Mabega yakawa yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, na mkono wake unatafuta kitu hewani. Salima hakungoja adabu ya pazia. Alipita katikati ya wanaume wote, akampachika pompe mdomoni, akamhesabia kwa sauti avute na kushikilia, avute na kushikilia, huku Hamadi amemkumbatia kwa nyuma na kusema, "Pole pole, Baba mudogo, pole pole." Nilisali kwa dini yangu, kwa sauti, na hakuna aliyenikataza.

Pumzi ilirudi. Sauti haikurudi. Madirisha yakafunguliwa, ubani ukatolewa nje. Mzee Athumani alisubiri mpaka alipoona mwenzake ametulia, akasema kwa upole, na huo upole ndio uliouma:

"Wageni wetu, tulingoja posa, tumepata dua. Dua tunashukuru. Posa mutaleta siku ingine, na mutu mwenye pumzi. Sasa tule."

Tulikula pilau nzuri, tukaaga. Tuliporudi kwa njia ya Karuzi, Mzee Radjabu alitazama nje tu. Nimemsikia mzee yule akigomba, akicheka, akiimba, akiusingizia unga wangu. Sikuwahi kumsikia amenyamaza. Hussein alianza kusema jambo kuhusu safari ijayo, Hamadi akamkata.

"Mjomba, mi nangoja Baba mudogo. Kama hawezi kusema, posa ingoje."

Mzee hakugeuka, lakini niliona sikio lake limesikia.

Daktari Raissa alipoambiwa habari za kopo la vifungo, alishika kichwa. Kwanza alihakikisha vile viwili havikumdhuru. Halafu ikaja mvua ya maneno, nami nilikuwepo, kwa sababu siku hizi tunakwenda wote.

"Muzee, kochi na mapafu si kitu moja! Sponji ukiweka, inakaa miaka. Hii kinini inakaa siku moja, kesho inanyanyuka inaenda. Ukiacha kumeza, kiti iko wazi, wajumbe wanaingia, wanakaa, wanasema!"

"Na ndiyo nilimeza viwili," mzee akajitetea, sauti ndogo.

"Kiti moja, watu wawili. Wa pili atakaa wapi? Na siku ile moto ilikuwa imeshawaka. Kilichokuokoa si kinini. Ni pompe, na bibi yako."

Mzee alimtazama Salima. Sijui walisemezana nini baadaye nyumbani, lakini tangu siku hiyo vidonge vinakaa kwenye mkoba wa Salima, na kila magharibi akitoka kuswali anakuta mkono umeshanyooshwa. Karakana nayo ikabadilika. Sasa anafunga kitambaa usoni, anamwagia sponji la zamani maji kabla ya kulichana, na makochi anayachania nje, upepo unakopita. Na upepo wenyewe unapita kuja dukani kwangu. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba kuna vumbi la makochi kwenye unga wangu. Anasema ni kidogo.

Tulingoja. Siku za mvua zilipita, Ramadhani ikapita, na mluzi haukurudi. Baada ya Idi tukapanda tena kwenda Muyinga, na Hussein akapewa kazi ya kubeba zawadi.

Nyumba ile ile, makochi yale yale mekundu, ila safari hii yalipanguswa kwa kitambaa chenye maji, madirisha wazi, na hapakuwa na ubani. Wenyeji walikuwa wamefikiria. Mzee Radjabu akakaa. Akatazama kiegemeo. Mkono ukaanza kuinuka. Nyuma ya pazia Salima akakohoa, mara moja tu, na mkono ukarudi pajani.

Sitaki kuwachosha kwa yote yaliyosemwa. Mzee Athumani aliuliza njia, mzee akamtajia kila kilima. Athumani akauliza kama wamepotea, akajibiwa kwamba iliyopotea ni simu moja, ilitoka Muyinga ikaja kuugua Gitega, na fundi wake naye akaugua. Watu walicheka pande zote mbili. Hakuna chafya. Kila mara Athumani alipomaliza swali alikuwa anangoja kidogo, kama mtu anayengoja mvua, na mvua haikunyesha.

Ndipo akaweka swali lake la mwisho, bila tabasamu.

"Huyu kijana baba yake hayuko. Sisi tunatoa binti yetu kwa nyumba ya nani? Ku kiti ya baba, nani amekaa?"

Mzee Radjabu aliangalia mikono yake. Hotuba aliyojifunza kwenye karakana haikuwa na jibu la swali hilo. Nalijua hilo, nilishaikariri nzima.

"Kaka yangu aliondoka, kiti yake ikabaki wazi," akasema. "Nikaona, nikiiacha wazi, uyatima utakuja kukaa, na ukikaa utaanza kusema. Basi nikakaa mi. Siyo mara moja nikaenda zangu. Kila siku nilikaa. Mutoto akiamka, ananikuta. Akilala, ananiacha. Leo amekuwa mutu mzima, anataka kiti yake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe. Mutupe binti, wazee wangu, ili mi ninyanyuke."

Hapo sauti ikakatika. Mabega yakatikisika, pua ikaanza kuchuruzika, na Mzee Athumani, kwa mazoea ya safari ile ya kwanza, akafungua mdomo: "Yarhamu..."

Mzee Radjabu akainua mkono. "Ngoja, muzee. Hii si chafya." Akajifuta kwa ncha ya kanzu. "Kwa hii docteur hakunipatia kinini."

Nilimtazama Hamadi. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Nami nililia, sioni aibu kusema, na yule mwanamke wa Muyinga aliyecheka mara ya kwanza alinipa ncha ya kitenge chake nijifutie. Mzee Athumani akawageukia watu wake, yeye aliyewahi kuwauliza wageni njia tangu adhuhuri mpaka alasiri.

"Mi sina swali tena," akasema.

Vigelegele vilipasuka kabla hajafunga mdomo.

Jioni ilitukuta njiani, tukasimama kidogo Karuzi ili wanaume waswali magharibi. Waliporudi garini, Salima alikuwa ameshanyoosha mkono, kidonge kimoja kiganjani. Mzee alikimeza bila hotuba. Kisha akakunja uso, akajikaza, akapiga chafya moja, kubwa, gari zima likatikisika.

"Alhamdulillahi," akasema.

Wote walikuwa wamechoka, wengine wamelala. Nikamwitikia mimi, Mkristo wa Tanzania: "Yarhamukallah, mzee."

Akanishukuru kwa dua, kama adabu inavyotaka. Halafu akaninusa bega.

"Mama, hii nguo," akasema, "uliivaa ku duka?"